Ukungu wa Mmarekani

Ibra, Jumatano, 10 Januari 2024

Dada yangu Shukriya,

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa bahati, na usinune nikikwambia. Mama kazaa watoto watano. Mmoja daktari Maskati, mmoja mhandisi Sohar, mmoja yuko London anauza sijui nini, na wewe mwalimu, cheti chako kimetundikwa ukutani Nizwa mpaka kimebadilika rangi. Halafu mimi, niliyetoka skuli kabla skuli haijanizoea, dereva wa tangi la maji. Sasa nambie, katika hao watano, na maradhi yake haya ya kusahau, Mama anamjua nani? Mimi. Kila asubuhi nikiingia na chai anafungua macho ananiambia, "Thabit, mwanangu, umeamkaje?" Jina langu khasa, halijapungua herufi. Daktari hamjui. Mhandisi hamjui. Dereva anamjua. Wallahi najiona nimeokota lulu barabarani.

Wiki iliyopita ulipokuja akakuuliza umetoka wapi na kama umekula, kisha akamwambia mke wangu Ghaniya, "Mpeni mgeni kahawa." Niliuona uso wako. Usilie, Shukri. Mgeni naye ana heshima yake, na kahawa ilikuwa nzuri.

Umesema hutaki simu, kwa sababu nikibanwa nacheka halafu nasema mtandao umekatika. Haya, karatasi hii. Afadhali pia, maana watoto wetu wote Kiswahili wanakisikia tu, kukisoma hawajui. Hata nikiiacha barua juu ya friji ni siri. Turki, yule kijana wa mbuzi, atakuletea kesho jioni akija huko Nizwa na mbuzi wake wa soko la Ijumaa.

Sasa hiyo picha uliyoleta. Mimi nimetembea. Nimeona picha Bombay, nimeona Karachi, Dubai hotelini nimeona picha ndefu kuliko tangi langu. Zote mtu akichora farasi unahesabu miguu. Huyu Mmarekani wako, Inness, aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, aliharakishwa na nani? Miti kama moshi wa ubani. Mle ndani kuna kitu kimesimama, mimi nasema mtu, Ghaniya anasema ng'ombe, tumebishana mpaka adhana ya magharibi. Nimeitundika stoo, mbele ya magunia ya tende. Panya nao wapate elimu.

Na lile ombi lako la kumchukua Mama akae kwako mwezi wa Ramadhani, jawabu ni hapana. Mtu aliyebakiwa na uso mmoja anaoujua, utamtoaje umpeleke penye nyuso asizozijua? Fikiri kwa akili ya skuli.

Kakako mwenye bahati,
Thabit bin Humaid


Nizwa, Ijumaa, 12 Januari 2024

Kaka Thabit, shikamoo.

Barua yako imefika inanuka beberu, na maneno yako hayakunuka vizuri zaidi.

Nimefurahi kuwa Mama anakujua. Nasema kweli, nimefurahi. Nilipomaliza kufurahi nikaenda jikoni kuosha vyombo, nikavunja bakuli mbili.

Itoe picha stoo. Nakuomba. Mwaka tisini na nne, mume wangu Yaqoob alipokuwa anasoma Amerika, tulikwenda Chicago, nikaingia kwenye makumbusho kukimbia baridi tu. Nikasimama mbele ya picha za mtu huyu. Mimi nimetoka Pemba nina miaka sita, sikumbuki hata rangi ya mlango wetu. Lakini pale nilisikia unyevu shingoni, nikasikia harufu ya majani yaliyoloa, nikaanza kulia mbele za watu na buibui langu, mlinzi mmoja mzee akaniletea kiti. Picha zenyewe ni mashamba ya kwao Amerika. Hakuna cha Pemba mle. Ila yule bwana hakuwa anachora miti, Kaka. Alichora hewa. Na uzeeni alichora amejifungia ndani, kwa kukumbuka tu, ndiyo maana kingo za vitu zimeyeyuka.

Sijui nikueleze vipi. Miaka ishirini na minane nimewaeleza wanafunzi kitu hicho hicho, "nichoreeni hewa," na kila mwaka wakaniletea mitende, kila mtende na makuti yake yote yamehesabiwa. Nimestaafu bila kuelewana na mwanafunzi hata mmoja.

Itundike miguuni pa kitanda cha Mama. Na jawabu lako silipokei. Nitauliza tena.

Shukriya


Ibra, Alkhamisi, 25 Januari 2024

Shukriya, umeniua.

Nimeitundika, kwa kuwa moyo wangu laini. Siku mbili Mama kaitazama tu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nasikia sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa napigwa kwa kuiba sukari:

"Nani ameanika leo?"

Nikaingia mbio. "Ameanika nini, Mama?"

"Karafuu! Huoni ukungu huo? Mvua iko nyuma yake. Zitaharibika, zitakuwa mpeta zote, nyeupe tupu, nani atazinunua? Anua!"

Nje jua linawaka, mbingu ya Ibra haina hata kipande cha pamba. Nikatazama anapotazama yeye. Picha yako.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni Amerika."

Akanitazama kama mtu anayetazama kisahani kilichovunjika. "Amerika unaijua wewe? Huo si mfenesi wa kisimani? Hapo si Pemba, Mtambwe kwa baba yangu? Anua, mvivu wewe, uliyezaliwa umekaa!"

Basi nimeanua. Nimekunja mkeka wa kusalia, nimekunja zulia la majlisi, nimekunja zulia la ukumbini, jasho linanitoka. Nikitoka mlangoni na mzigo mabegani ananihesabia: "Moja! Na lile jamvi la pili liko wapi?" Jirani yetu Thuwaini alikuwa kaweka mablanketi yake juu ya ukuta yapigwe jua, Mama kayaona dirishani, ikabidi niyaanue na hayo. Thuwaini kanikuta nimebeba blanketi la mkewe. Mimi, mwenye wajukuu kumi na mmoja! Nimemwambia ni mazoezi ya moyo, daktari kaniagiza. Ghaniya hana msaada, anacheka mpaka anashika ukuta. Mtu wa Bujumbura, karafuu hajaziona ila ndani ya pilau.

Jumapili nikasema khalas, nikaitoa picha. Mama kageukia ukuta. Hakula mchana, hakula usiku, asubuhi akakataa hata chai. Mimi huyo nikairudisha, nikagonga na msumari mwingine isije ikaanguka. Kaitazama, kavuta pumzi, kasema, "Alhamdulillahi, haijanyesha bado." Akala mikate miwili.

Kwa hiyo sasa nina kazi mpya. Asubuhi naanika mazulia, saa nne naanua. Miaka thelathini nimewapelekea watu maji mpaka vijiji vya Dima wa Tayyin kwenye majabali, sijachoka namna hii. Lakini kila anaponiita ananiita kwa jina, usisahau hilo. "Thabit, anua!" Jina langu, mara zote. Ghaniya shahidi.

Wako aliyevunjika mgongo,
Thabit


Nizwa, Ijumaa, 9 Februari 2024

Kaka Thabit, shikamoo.

Tangu niliporudi kutoka kwako juzi sijalala vizuri. Naandika ambalo hukuliona, kwa sababu ulikuwa uani unakunja mazulia.

Nilikaa naye saa mbili. Nikamwita "Mama," akacheka kwa huruma, akasema, "Mimi si mamako, mwanangu. Mamako yuko wapi, mbona kakuacha uende peke yako?" Nikamwambia yuko nyumbani, hajambo. Akasema nimsalimie.

Kisha akapapasa godoro: "Kaa, mgeni. Tungoje jua pamoja." Tukatazama picha. Mimi na elimu yangu nikaanza, tazama Bibi, mti ule, mwanga ule. Akanigusa mkono. "Usitazame mti. Mti utauona tu, hauendi popote. Tazama hapa kati, baina yako na mti. Weupe ukiwa umetulia kama maziwa, usianike. Ukiuona unatembea, anika, jua linakuja." Nikamuuliza, "Na huu?" Akakodoa macho. "Huu haujaamua," akasema.

Kaka, nilitaka kupiga kelele. Maneno hayo nimeyatafuta miaka ishirini na minane. Hapa kati, baina yako na mti! Ningewaambia watoto hivyo siku ya kwanza ya skuli, mambo yangekwisha. Alikuwa nayo Mama wakati wote, na mimi nilipokuwa mtoto nikimuuliza habari za shamba alikuwa ananiambia, "Tuliyoyaacha tumeyaacha, kasome." Leo ameyasema, na kamwambia mtu wa kupita.

Nakuuliza tena. Wiki mbili tu za Ramadhani. Yaqoob kashavunja kizingiti cha chumba cha kule nyuma Mama asijikwae, kaweka na kishikio chooni. Dirisha linatazama mitende na mfereji wa falaji, alfajiri hewa ina unyevu kidogo. Picha nitaibeba mwenyewe mapajani. Sitaki anijue kuwa ni mwanawe, hilo nimeliacha. Ila mtu akikaa nawe asubuhi kumi na nne mfululizo, hata kama ni mgeni, si anakuwa mtu? Nataka hicho tu, kabla hajasahau na hiyo picha.

Na jambo jingine. Nilipokuwa natoka nilimsikia anaita, "Musallam! Musallam!" Nikakuuliza ni nani, ukasema jirani. Jirani yako ni Thuwaini, umeniandikia mwenyewe.

Shukriya


Ibra, Jumatano, 14 Februari 2024

Shukriya,

Huku mvua imepiga, wadi zote zimeshuka na mafuriko, barabara zimefungwa, Turki sijui kama atapita. Mama ndiye pekee Ibra nzima ambaye hakushangaa. "Si niliwaambia?" Watu wa hali ya hewa wangekuja kumuuliza yeye.

Musallam ni mtu wa kuleta mitungi ya gesi. Kichwa kilikuwa kimebanwa, nikasema jirani. Umekuwa polisi?

Wiki mbili hapana. Wiki moja hapana. Siku moja, ukija wewe. Nimeshakupa sababu yangu, na ni ya haki: mimi ananijua, katika nyinyi hamjui hata mmoja. Akizinduka Nizwa asinione, akaita "Thabit," nani atamwitikia? Yaqoob na kishikio chake?

Na usinifanyie ukali wa ubaoni. Nyote mmekwenda. Mmoja Maskati, mmoja London, wewe Chicago unaletewa viti na walinzi. Mimi nilibaki kwa kuwa sikuwa na pa kwenda na hicho Kiingereza changu cha bandarini. Kila Idi mkija mnazungumza mambo yenu, mimi nachoma nyama. Sasa Mungu kanipa kitu kimoja ambacho nyinyi hamna, kimoja tu, na wewe unakijia na kamba unataka kukivuta. Ukimchukua akarudi hanijui, utanipa nini badala yake? Picha ya hewa?

Shamba la kwa babu umelisikia mara moja, umelia. Mimi nalianua kila siku saa nne.

Thabit


Nizwa, Ijumaa, 16 Februari 2024

Kaka,

Basi. Sitauliza tena.

Sikujua kuwa siku za Idi ulikuwa unatuona hivyo. Ungesema. Ningekuja nikachoma nyama na wewe, sijui kitu kuhusu kuchoma nyama lakini ningepuliza mkaa.

Mama akae nawe, maana wewe ndiye anayekujua. Una haki. Nimemwambia Yaqoob aweke majembe yake katika kile chumba. Idi sitakuja, sina nguvu ya kupewa kahawa ya mgeni nikakaa nikainywa. Ukihitaji dawa au daktari, mwambie Turki.

Shukriya


Ibra, Alkhamisi, 29 Februari 2024

Dada yangu Shukriya,

Assalaam aleikum. Turki kaja Ijumaa iliyopita mikono mitupu. Nikamuuliza, hata kikaratasi? Akasema, "Ami Thabit, mbuzi kumi nimeuza, barua sikupewa." Nimepekua gari lake mwenyewe, mpaka chini ya majani.

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha, Ghaniya kaisikia nikimsomea, hakucheka. Akaniambia, "Ukimpelekea hiyo mimi nakwenda kwetu." Kwao Bujumbura, wallahi, na pasi yake ya kusafiria imekwisha mwaka juzi.

Sasa nakupa habari kama zilivyo.

Jumatatu wiki iliyopita Mama kaniuliza, "Yule mgeni mbona haji?" Nikasema mgeni gani. "Yule mwanamke anayejua kutazama. Nilimwekea mahali pake." Na kweli, Shukri, kasogea mwenyewe ukutani, kaacha nafasi kitandani, kaweka mto. Mtu ambaye hakumbuki kama amekula. Jumanne kauliza tena. Jumatano kakataa kutazama picha, anasema si kazi ya mtu mmoja, anamngoja mwenziwe. Ukungu ukatulia mle ndani na hakuna aliyeniambia nianue. Mazulia yalikaa juani mpaka jioni, nikaona afadhali mara mia nilipokuwa natukanwa.

Nikajaribu mimi. Nimevaa kanzu safi, nimekaa pale ulipokaa wewe, nikakodoa macho. Hapa kati, baina yangu na mti. Sasa nakwambia usimwambie mtu: nimeona. Si mara moja, ilichukua muda, miguu ilikufa ganzi. Kwanza niliona rangi tu, kahawia na manjano ya moshi. Kisha pale kati pakawa na kitu kama pumzi kwenye kioo. Yule bwana hakuharakishwa. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Na kile kilichosimama si ng'ombe, mwambie Ghaniya, ni mtu, kasimama anangoja pafunguke. Nikamgeukia Mama na furaha yangu, nikasema, "Mama, nimeuona ukungu, unatembea!"

Mama kaniambia, "Inuka hapo, pana mtu wake. Wewe kazi yako magunia."

Nikainuka.

Musallam si mtu wa gesi. Umeshajua, najua umeshajua. Musallam alikuwa kibarua wa babu kule Mtambwe, mchukuzi wa magunia. Mama mwenyewe alitusimulia tulipokuwa wadogo, wewe ulikuwa mapajani: yule aliyelala ndani ya ghala akafunikwa na magunia, wakamtafuta siku mbili wanadhani kazama baharini. Mvivu wa kutajwa. Sijui nini changu kimemkumbusha yeye. Ghaniya anasema tumbo.

Kwa hiyo Jumamosi alfajiri namleta. Nimekwishaosha gari, kiti cha mbele nimekilaza, picha nitaifunga na blanketi la Thuwaini, kalitoa mwenyewe safari hii. Barabara ya Sinaw imefunguliwa. Mwambie Yaqoob atoe majembe. Mama uji anaupenda mwepesi, sukari usimpe hata akikuapia. Saa nne akisema anua, anua, usibishane, na hesabu kwa sauti. Mkae wiki mbili, mkae mwezi, mkae Ramadhani nzima na Idi yake. Nitakuja Idi mimi, kuchoma nyama, na wewe utapuliza mkaa kama ulivyosema.

Nilikuzuia miezi miwili kwa neno ambalo halikuwepo. Nilikuona unaondoka pale mlangoni kwangu na uso ule, mara mbili, na mara mbili nikakaa kimya nikijiona tajiri. Nisamehe ukiweza, usipoweza nitangoja.

Hajaniita Thabit hata asubuhi moja, Shukri. Ile habari ya chai niliitunga. Tangu mwezi wa tisa Mama hanijui.

Kakako,
Thabit